Vimeng'enya vinavyokata protini ndani ya seli: kinga inavyovitegemea, na vinavyoweza kuugeuka mwili

Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipokuwa ukienea duniani, klorokwini ilianza kutajwa kila mahali. Walioijua tangu zamani kama dawa ya malaria walishangaa kuisikia ikihusishwa na virusi. Kwanza habari zilisema imezuia virusi maabara. Miezi michache baadaye zikasema haimsaidii mgonjwa aliyelazwa. Wengi wakahitimisha kwamba wanasayansi wanajichanganya, au kwamba kuna jambo linafichwa. Kumbe matokeo yote mawili yalikuwa sahihi. Kinachoyapatanisha kimo ndani ya lisosomu, kifuko kidogo mno kinachopatikana karibu katika kila seli ya mwili, na hasa katika vimeng'enya vya humo ambavyo kazi yao ni kukata protini.

Vimeng'enya hivi vinastahili kuelezwa vizuri kuliko ilivyozoeleka. Masomo ya shule huvitaja kwa sentensi moja, kwamba vinameng'enya taka za seli, kisha yanaendelea na mambo mengine. Nje ya shule navyo vimeingizwa katika matangazo ya vidonge vya "kuongeza kinga" na "kusafisha mwili". Katikati ya sentensi hiyo moja na matangazo hayo kuna elimu nzuri sana ambayo haijawafikia watu.

Tuanze na maneno machache. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa ukapata umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi yake. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha. Kimeng'enya kinachokata protini nyingine huitwa protiezi. Lisosomu ni kifuko chenye utando mmoja, kilichojaa asidi, na ndani yake mna vimeng'enya vya aina 60 hivi vya kuvunja mafuta, sukari, DNA na protini. Protiezi nyingi za humo huitwa kathepsini. Binadamu ana kathepsini 15, na zimepewa majina kwa herufi: A, B, C, D na kuendelea.

Aliyeigundua lisosomu hakuwa akiitafuta. Mwaka 1949 Christian de Duve, aliyekuwa akifanya kazi Louvain nchini Ubelgiji, alipima kimeng'enya kimoja katika ini la panya akapata kiasi kidogo mno, kama asilimia 10 ya alichotarajia. Sampuli ikawekwa kwenye jokofu. Siku tano baadaye ilipopimwa tena, kimeng'enya kilikuwepo kwa wingi. Hakikuwa kimeongezeka. Kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na utando wa vifuko hivyo ulipochakaa kikatoka. Mwaka 1955 vifuko hivyo vikapewa jina, na mwaka 1974 de Duve akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Ugunduzi huo ulibeba fundisho ambalo tutalihitaji hadi mwisho: kuwepo kwa kimeng'enya ni jambo moja, na mahali kilipo ni jambo jingine kabisa.

Ulinzi wa tabaka kwa tabaka

Seli inaishi vipi na vitu vinavyoweza kuikatakata? Jibu la kwanza ni utando wa lisosomu. La pili ni asidi. Ndani ya lisosomu pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi huzidi, ni kati ya 4.5 na 5, ilhali katika ute wa seli unaoizunguka ni karibu 7.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa sababu ya namna kipimo cha pH kilivyoundwa, lakini maana yake ni kwamba ndani ya lisosomu ayoni za haidrojeni, zinazoleta asidi, ni nyingi zaidi ya mara mia moja. Kuna pampu maalumu kwenye utando inayotumia nishati kuzisukuma ndani bila kukoma. Kathepsini nyingi hufanya kazi vizuri katika asidi hiyo tu. Zikivuja kwenda kwenye ute wa seli, nyingi hupoteza nguvu.

La tatu ndilo linalonivutia zaidi. Kathepsini haitengenezwi ikiwa tayari kukata. Hutoka na kipande cha ziada cha mnyororo wake yenyewe kilicholala juu ya sehemu inayokata, kama kisu kilichotiwa ndani ya ala. Kisha hubandikwa alama ya sukari maalumu, na vipokezi vinavyoitambua alama hiyo huisafirisha hadi kwenye lisosomu. Ikishafika kwenye asidi, kile kipande hulegea, hukatwa na kuondoka, na hapo ndipo makali yanapokuwa wazi. Juu ya yote hayo, mwili una protini za akiba zinazozikamata kathepsini zilizotoroka. Mojawapo ni sistatini C, ambayo madaktari huipima katika damu ili kujua figo zinachuja vizuri kiasi gani.

Kukata kwa kipimo

Sasa tuingie kwenye kinga. Bakteria akimezwa na seli nyeupe, huwekwa ndani ya kifuko, na kifuko hicho huungana na lisosomu. Asidi na vimeng'enya humvunja. Hiyo ndiyo hadithi inayojulikana, nayo ni kweli, ila ni nusu tu. Kama kazi ingekuwa kuua peke yake, mwili ungeshinda vita vya leo na kuvisahau kesho.

Nusu ya pili ni kutoa taarifa. Seli T, zinazoongoza mashambulizi na kubeba kumbukumbu ya ugonjwa, haziwezi kumwona bakteria mzima. Zinaona vipande vifupi tu vya protini yake, mara nyingi vyenye asidi amino 13 hadi 25, vikiwa vimeshikwa juu ya uso wa seli nyingine na molekuli za pekee za kuonyeshea. Lazima awepo wa kukata vipande hivyo, na mkataji ni kathepsini pamoja na protiezi wenzake. Hapo kipimo kinakuwa kila kitu. Protini isipokatwa, hakuna cha kuonyesha. Ikikatwa mno hadi kubaki asidi amino mojamoja, pia hakuna cha kuonyesha, kwa sababu asidi amino moja ya bakteria haina tofauti yoyote na ya kwako.

Ndiyo maana seli za kinga zinatofautiana. Makrofaji, ambazo ni walaji wakubwa wa mwili, zina protiezi nyingi kwenye lisosomu na huvunja haraka. Seli za dendriti, ambazo jukumu lao kuu ni kupeleka taarifa kwa seli T, zina protiezi chache zaidi na huvunja polepole. Upole huo ni nguvu yao, kwani vipande vinadumu muda wa kutosha kuonyeshwa. Mtu akikuambia bidhaa yake inaongeza kasi ya vimeng'enya ili kinga iimarike, kumbuka kwamba seli iliyo hodari zaidi katika kuiamsha kinga ni ile inayokata taratibu.

Kuna mkato mwingine, mmoja tu, ambao bila huo shughuli hii husimama. Molekuli ya kuonyeshea inapotengenezwa, mfereji wake wa kushikia vipande huzibwa na protini ya ulinzi ili usishike takataka yoyote njiani. Ikifika kwenye vifuko vya asidi, kizibo hicho lazima kikatwe. Katika seli za dendriti, makrofaji na seli B (seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili), anayemalizia kazi hiyo ni kathepsini S. Hubaki kibanzi kidogo, ambacho molekuli nyingine hukitoa na kuacha nafasi kwa kipande cha adui.

Kathepsini pia huandaa vipokezi vya tahadhari. Kipokezi kiitwacho TLR9, kinachotambua DNA ya bakteria na virusi, hakianzi kazi mpaka protiezi zikikate ndani ya vifuko vya asidi. Huu ni utaratibu wenye busara, maana kipokezi hicho kikiwa hai mahali pasipofaa kinaweza kuiona DNA ya mwili wenyewe kuwa ni ya adui.

Vimelea navyo vimeujua mlango huu tangu kale. Bakteria wa kifua kikuu humezwa na makrofaji bila tabu, kisha huzuia kifuko kilichombeba kisiungane na lisosomu wala kupata asidi ya kutosha. Anaishi salama ndani ya seli iliyotumwa kumuua, na hii ni sababu mojawapo ya kifua kikuu kujificha mwilini kwa miaka.

Klorokwini iliingiaje hapa?

Virusi vingine havikimbii lisosomu, bali huitumia. Virusi vya Ebola vikivutwa ndani ya seli hukaa kwenye vifuko vya asidi vikisubiri kathepsini B na L zikate protini yao ya nje. Mkato huo ndio unaofichua sehemu wanayoitumia kujishikiza na kuingia ndani kabisa. Ni silaha ya mwili inayomfungulia adui mlango.

Virusi vya UVIKO-19 vina njia mbili. Ya kwanza ni hii ya kifuko cha asidi, ambako kathepsini L hukata protini ya miiba yao. Ya pili ni ya juu juu: protiezi nyingine, TMPRSS2, iliyo kwenye uso wa seli, hukata miiba hiyo hapohapo mlangoni, na asidi haihitajiki.

Klorokwini hupenya kwenye lisosomu, hunaswa na asidi ya humo, hurundikana na kuipunguza makali asidi yenyewe. Kathepsini hudhoofika. Majaribio ya mwanzo maabara yalitumia seli za figo za nyani ambazo zina TMPRSS2 kidogo sana. Katika seli hizo virusi hulazimika kupita njia ya asidi, kwa hiyo klorokwini ilivizuia kweli. Seli za mapafu ya binadamu zina TMPRSS2, na dawa ilipojaribiwa kwenye seli za namna hiyo haikuzuia kitu, kwa sababu virusi vilikuwa na mlango mwingine. Kwa wagonjwa, jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilitoa haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini, kwa watu 1,561 na kuwalinganisha na 3,155 waliopata huduma ya kawaida. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 27 katika kundi la dawa na asilimia 25 katika kundi la pili. Dawa haikuokoa maisha.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kilichokosekana ni maelezo, na kukosekana kwake kuligharimu imani ya watu wengi.

Na kwa nini haidroksiklorokwini inaendelea kuandikiwa wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi? Kwa sababu katika magonjwa hayo kinga inaushambulia mwili wenyewe, na kupunguza asidi ya lisosomu hupunguza utayarishaji wa vipande vya kuonyesha na huzima vipokezi kama TLR9. Hudhoofisha jambo lililozidi. Ni dawa ya kutuliza kinga, wala si ya kuipandisha, na wapo waliokuwa wakiimeza mwaka 2020 wakiamini kinyume chake.

Makali yakitoka nje ya mahali pake

Magonjwa yanayohusiana na protiezi hizi ni mengi. Nitachukua machache yanayoonyesha kanuni.

Nyutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi zaidi katika damu na zinazojaa kwenye usaha, hubeba protiezi kali ndani ya chembechembe zilizo jamaa ya lisosomu. Zinapopambana na bakteria kwenye mapafu, sehemu ya protiezi hizo humwagika nje. Mwili umejiandaa kwa hilo. Ini hutengeneza protini iitwayo alfa-1 antitripsini, inayokwenda na damu hadi kwenye mapafu na kuikamata elastezi, iliyo kali kati ya hizo. Mwaka 1963 nchini Uswidi, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waliripoti watu waliozaliwa na upungufu wa protini hiyo. Baadhi yao mapafu yalikuwa yameharibika wakiwa bado na umri mdogo, kuta za vifuko vya hewa zikiwa zimeliwa na elastezi yao wenyewe. Moshi wa sigara huharibu kidhibiti hicho hata kwa mtu aliyezaliwa nacho kamili, na huku ukiita nyutrofili zaidi kwenye mapafu. Mvutaji anaongeza makali na kupunguza kinga dhidi ya makali kwa wakati mmoja.

Wachimbaji na wachonga mawe wanaovuta vumbi la silika hupatwa na jambo jingine. Chembe za silika humezwa na makrofaji, na kwa kuwa haziyeyuki, huutoboa utando wa lisosomu. Yaliyomo huvuja, kathepsini B ikiwemo, na seli hupiga kengele ya uvimbe. Vumbi halitoki, kwa hiyo uvimbe nao haukomi, na pafu hujaa makovu. Fuwele za asidi ya uriki katika jongo huamsha kengele hiyohiyo ndani ya makrofaji.

Katika kongosho, kathepsini B ikikutana mahali pasipofaa na tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini za chakula, ambayo bado haijaamshwa, inaweza kuiamsha kabla haijafika kwenye utumbo, na kongosho likaanza kujimeng'enya. Katika saratani, seli za uvimbe na makrofaji zinazozizunguka hutoa kathepsini nje, zikasaidia kukata tishu za jirani na kuipa saratani njia ya kusambaa.

Upungufu nao unaumiza. Watoto wanaozaliwa bila kathepsini D hupata ugonjwa mzito wa ubongo, kwa kuwa neva haziwezi kuondoa protini zilizochakaa. Wanaokosa kathepsini K, inayotumiwa na seli zinazolainisha na kuujenga upya mfupa, huwa na kimo kifupi na mifupa mizito inayovunjika kirahisi.

Vidonge, maji ya alkali na kufunga

Kidonge cha vimeng'enya ukikimeza hakifiki kwenye lisosomu zako. Kimeng'enya ni protini, na tumbo huimeng'enya protini kama chakula kingine. Vichache vilivyotengenezwa kusaidia usagaji wa chakula, kwa mfano kwa wagonjwa wa kongosho, hufanya kazi yao ndani ya utumbo na kuishia huko. Tiba halisi ya kurudisha vimeng'enya vya lisosomu ipo, kwa magonjwa adimu ya kurithi kama Gaucher na Pompe, na huingizwa mshipani hospitalini, vikiwa na alama za sukari zinazotambuliwa na vipokezi vya seli. Haiuzwi kwenye chupa ya vidonge vya afya.

Maji ya alkali hayabadilishi asidi ya lisosomu. Damu hushikiliwa kati ya pH 7.35 na 7.45 na mapafu na figo, na lisosomu ina pampu yake yenyewe. Na hata kama yangeweza, ungekuwa umezima vimeng'enya unavyovihitaji.

Kuhusu kufunga, wengi hutaja Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016 aliyopewa Yoshinori Ohsumi. Ni kweli alieleza jinsi seli yenye njaa inavyojikusanyia sehemu zake na kuzivunja. Lakini alifanya hivyo kwenye hamira, tena hamira alizozichagua kwa kuwa zilikosa protiezi, ili vifurushi vilivyokusanywa visivunjwe aweze kuviona kwa hadubini. Kazi hiyo ni kubwa na inastahili heshima. Haikuonyesha kwamba kufunga saa kadhaa kunaponya ugonjwa wa mtu, na anayeitaja kama uthibitisho wa hilo anaitendea isivyo haki.

Kuzuia bila kuharibu

Kama kathepsini zinaleta madhara, kwa nini tusizizuie tu? Kampuni ya Merck ilijaribu kwa dawa iitwayo odanakatibu, inayozuia kathepsini K kwa wagonjwa ambao mifupa yao inadhoofika. Mifupa iliimarika na mivunjiko ikapungua, lakini wagonjwa waliotumia dawa walipata kiharusi zaidi kuliko waliopewa dawa bandia, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Mwaka 2016 ikaachwa. Protiezi moja huwa na kazi katika viungo vingi, na dawa haichagui kiungo.

Njia iliyofanikiwa ilianzia kwa watoto wachache sana duniani. Mwaka 1924 madaktari wawili wa Ufaransa, Papillon na Lefèvre, walieleza ugonjwa wa kurithi ambapo ngozi ya viganja na nyayo huwa nene na ngumu, na fizi huoza kiasi kwamba meno ya utotoni hung'oka yote, kisha na ya utu uzima. Mwaka 1999 chanzo kikajulikana: ni kasoro katika jeni ya kathepsini C. Kimeng'enya hiki ndicho kinachozivua ala protiezi za nyutrofili zinapotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Kisipokuwepo, nyutrofili hutoka zikiwa karibu hazina makali. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa, ukiacha fizi na ngozi, hawaandamwi na maambukizi hatari ya mara kwa mara kama ambavyo mtu angetazamia. Mwili unaweza kuvumilia kupungua kwa protiezi hizi.

Hilo likawapa watafiti ujasiri wa kutengeneza dawa ya kuzuia kathepsini C kwa watu ambao nyutrofili zinawaharibu mapafu. Brensokatibu ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,700 wenye bronkiektasisi, yaani njia za hewa zilizopanuka, zikajaa makohozi na kushambuliwa mara kwa mara. Waliopewa dawa bandia walizidiwa kwa wastani wa mara 1.29 kwa mwaka, na waliopewa dawa mara 1.02 au 1.04 kulingana na dozi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2025.

Si nafuu kubwa kupita kiasi, lakini kwa mtu ambaye kila shambulio humwachia pafu lililopungua, ni nafuu yenye maana. Dawa haizimi protiezi ambazo tayari ziko kwenye nyutrofili zinazozunguka. Inafanya nyutrofili mpya zitoke kwenye uboho zikiwa na makali kidogo, ndiyo maana athari yake haionekani siku ya kwanza. Na maelekezo yake yanamtaka daktari afuatilie ngozi na fizi za kila anayeitumia, sehemu zilezile ambazo Papillon na Lefèvre walizikuta zimeumia.